Sura ya Tano: Msuli Uliochoka Haudanganyiki kwa Maji

Tarehe 7 Oktoba 2007 mji wa Chicago uliamkia joto lisilo la msimu wake. Mbio za marathoni zilipoanza asubuhi, hewa ilikuwa tayari nzito kwa unyevu, na mchana haukuwa umekolea kipimajoto kilipovuka nyuzi 30. Waandaaji walisimamisha mbio baada ya saa tatu na nusu hivi. Maelfu ya wakimbiaji waliambiwa wageuke au watembee, na mamia wakahitaji matibabu. Wakati huo mshindi alikuwa amekwisha kufika kitambo. Patrick Ivuti, mwana wa Ukambani, alikata utepe kwa saa mbili, dakika 11 na sekunde 11, na Jaouad Gharib wa Morocco, bingwa wa dunia mara mbili, akaandikiwa muda huo huo. Kilichowatenganisha ni sehemu tano za mia za sekunde.

Ushindi ule wa Mkamba kwenye joto haukuwa wa kubahatisha, wala haukuwa wa kwanza. Huko Honolulu, visiwani Hawaii, marathoni huanza saa kumi na moja alfajiri kwa sababu jua na unyevu vikishapanda hakuna anayekimbia kwa raha. Huko ndiko Benson Masya, mzaliwa wa Kitui aliyeacha ndondi akaingia riadha, alikoshinda mwaka 1991, 1992 na 1994, na ndiko Jimmy Muindi alikoshinda mara sita kati ya 1999 na 2007. Masya huyo huyo ndiye bingwa wa kwanza wa dunia wa nusu marathoni: Septemba 1992, kati ya Newcastle na South Shields nchini Uingereza, alimaliza kwa saa moja na sekunde 24. Alifariki mwaka 2003 akiwa na miaka 33 tu, na kwa maoni yangu jina lake halitajwi vya kutosha mbele ya watoto wanaokimbia leo.

Wapo wanaosema Mkamba huzaliwa na jua mwilini. Sikubaliani nao, na sisemi hivyo kwa ubishi. Maneno hayo humfanya kijana wa Mutomo adhani hana la kujifunza, na mwenzake wa Nandi adhani hawezi kamwe kulizoea joto. Mwili wa mtu yeyote mwenye afya hulizoea joto ukipewa siku 10 hadi 14 za mazoezi ndani yake. Maji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi zaidi, na chumvi iliyomo kwenye jasho hilo hupungua. Ukikaa Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi na baridi yake ya asubuhi, mazoea hayo hukutoka, hata kama jina lako ni Mutua na shamba la baba liko Ikutha. Hapo ndipo wengi huumia mwezi wa Desemba. Wanashuka kutoka mjini, siku ya pili wanaingia mbio za kijiji, na katikati ya safari mguu unagoma.

Kila anayefuatilia mbio za nyika za shule huku kwetu ameiona hali hii. Ni Februari, mvua za Machi bado, vumbi jekundu limetimka na jua la saa tano limeshika utosini. Msichana aliyekuwa wa tatu anaanza kuchechemea, anashika shavu la mguu, anaketi chini. Ukisogea karibu unauona msuli wenyewe: umejikusanya chini ya ngozi ukawa fundo gumu, pembeni mwa fundo ngozi inacheza yenyewe, na vidole vya mguu vimelazimika kuelekea chini, hata akitaka kuvirudisha haviendi. Watu wanamzunguka na kila mmoja ana dawa yake. Huyu anammwagia maji mguuni, yule analeta soda, mwingine anauliza kama kuna ndizi, mwalimu wa michezo anatafuta dawa ya kuchua, na mama mmoja aliyekuwa akipita na punda wake anasema, “Mpeni chumvi alambe, jamani, mtoto amekauka.” Katika wote hao, aliyemsaidia ni mwanafunzi mwenzake aliyepiga magoti, akaushika unyayo kwa viganja viwili, akaunyoosha mguu kwenye goti na kuusukuma unyayo urudi kuelekea ugokoni, taratibu, bila kuuachia.

Huenda kijana yule hakujua kwa nini njia yake inafaulu. Maelezo yake ndiyo moyo wa sura hii.

Msuli haujiamrishi. Amri hutoka kwenye neva zilizo katika uti wa mgongo, na neva hizo husikiliza taarifa kutoka pande mbili. Ndani ya msuli wenyewe mna vihisio vinavyopima unavyovutwa, na taarifa zao huhimiza neva itoe amri ya kukaza. Kwenye kano, pale msuli unaposhikana na mfupa, mna vihisio vingine vinavyopima mkazo, na hivi kazi yao ni kutuliza. Aliyelima kwa plau ya ng'ombe anaujua mpango huo: mmoja nyuma na mjeledi, mwingine mbele ameshika kamba kuwazuia wasikimbie. Mkimbiaji akichoka kupita kiasi, wa nyuma huzidisha mjeledi na wa mbele hulegeza kamba. Neva hutoa amri mfululizo, na msuli hukaza bila kupata nafasi ya kulegea. Hatari huwa kubwa zaidi msuli ukifanya kazi ukiwa tayari umefupika, kwa kuwa hapo kano haivutwi vya kutosha na ile sauti ya kutuliza haisikiki. Ndiyo maana shavu la mguu hukaza mtu anapojisukuma kwa vidole kumaliza kilima, na msuli wa nyuma ya paja hukaza goti likiwa limekunjwa. Na ndiyo maana kuunyoosha msuli hufaulu papo hapo: kano huvutwa, na anayetuliza anapata nguvu tena.

Nadharia hii aliiweka wazi Martin Schwellnus na wenzake wa Cape Town mwaka 1997. Baadaye walipima damu ya wakimbiaji wa mbio za barabarani za kilomita 56 nchini Afrika Kusini. Waliokazwa na misuli hawakuwa wamekauka maji kuliko wenzao waliomaliza salama, na tofauti za madini katika damu zao zilikuwa ndogo mno kuweza kueleza maumivu yale. Walipowafuatilia wanamichezo wa mashindano marefu ya kuogelea, baiskeli na mbio, waliobanwa zaidi walikuwa wale waliowahi kubanwa siku za nyuma na wale waliokwenda kwa kasi kubwa zaidi siku ya shindano. Kuna swali jepesi ambalo kila mwalimu wa riadha anaweza kujiuliza: kama tatizo ni chumvi iliyopungua mwili mzima, mbona unaokaza ni mguu uliokimbia na siyo mkono?

Basi yule mama wa punda alikosea? Hapana, na hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya waandishi wa siku hizi wanaoicheka chumvi. Mambo ya chumvi yaligunduliwa kwa machungu ya watu wa kazi. Katika miaka ya 1920 wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa wakibanwa na misuli ya miguu, mikono na tumbo baada ya saa nyingi kwenye mashimo yenye joto. Mwanafiziolojia J. S. Haldane na wenzake waliona kwamba watu hao walitoa jasho jingi, wakanywa maji matupu kwa wingi, na kwamba walipotiliwa chumvi kidogo katika maji walipona. Mwaka 1932 watafiti wa Harvard walikwenda jangwani Marekani, kwenye ujenzi wa bwawa la Hoover, wakakuta mambo yale yale kwa vibarua wa huko. Mtu anayechimba mtaro Kibwezi kuanzia asubuhi hadi jioni, siku sita mfululizo, au mama anayepanda kutoka mto wa mchanga na mtungi wa lita 20 mgongoni mara kadhaa kwa siku, yuko karibu zaidi na wachimbaji wale kuliko na mkimbiaji wa kilomita 10. Kwao chumvi si hadithi. Mkimbiaji naye, akikaa juani saa tatu au nne, anaingia katika eneo lao.

Hukumu yangu ni hii: uchovu hutangulia, chumvi na joto husukuma. Anayetaka kuzuia misuli kukaza na aanzie kwenye mazoezi, chupa ifuate baadaye.

Mazoezi yenyewe yafanane na siku ya mbio. Wengi hukimbia polepole miezi mitatu, kisha siku ya shindano wanaondoka na kasi ambayo miguu haijawahi kuionja kwa zaidi ya dakika 20. Afadhali mbio ndefu ya mwisho wa juma imalizike kwa kilomita chache za kasi ya shindano, wakati miguu imeshachoka. Tazama Boston ya mwaka 1993. Cosmas Ndeti wa Machakos aliwaacha wengine watangulie, kisha sehemu ya mwisho akampita Lucketz Swartbooi wa Namibia aliyekuwa akiongoza, na huo ukawa ushindi wa kwanza kati ya mitatu mfululizo. Anayeanza taratibu huuchelewesha uchovu, na kwa hiyo huichelewesha ile neva iliyokosa wa kuituliza.

Kisha milima. Makueni imebarikiwa Mbooni, Kilungu na Nzaui, na wakimbiaji huringa kwa kuipanda. Mimi husisitiza kushuka. Mtu anaposhuka, msuli wa mbele ya paja hufanya kazi huku ukirefushwa, na kazi ya namna hiyo huuchanachana usipoizoea. Anzeni na mteremko mfupi, mara moja kwa wiki, mwezi mmoja na nusu kabla ya mbio zenye milima. Nyumbani, simama kwa ncha za vidole kwenye ngazi ya mlango, visigino vikining'inia, upande na kushuka polepole hadi miguu ianze kuwaka moto, mguu mmoja mmoja ukishapata nguvu. Kazi hiyo haihitaji jimu wala kifaa cha duka.

Chakula nacho kina neno lake, ingawa si refu. Msuli ulioishiwa sukari yake ya akiba huchoka mapema, na sasa tumeona uchovu unazaa nini. Muthokoi, ugali, viazi vitamu au wali usiku wa kuamkia mbio unatosha. Ndengu ni chakula chema cha siku nyingine zote, lakini zile asubuhi ya shindano mapema mno au usizile kabisa, tumbo lako ndilo litakaloamua. Mbio zikizidi saa moja na nusu, mwili unataka gramu 30 hadi 60 za sukari kila saa, na chungwa la Makueni lililokatwa vipande husaidia sehemu ndogo tu ya hesabu hiyo. Iliyobaki iwe kwenye kinywaji.

Tuje sasa kwenye kinywaji, maana hapo ndipo ushauri mwingi mbaya hutolewa. Kujua unapoteza kiasi gani ni rahisi. Jipime kabla ya kukimbia, ukimbie saa moja kwenye joto bila kunywa kitu, ujifute jasho, ujipime tena ukiwa na nguo kidogo zile zile. Mizani ya duka la nafaka, ile inayopima magunia ya ndengu, inafaa ukimwomba ruhusa mwenye duka na mshale wake ukiwa mwaminifu. Kilo moja iliyopungua ni lita moja ya jasho, kwa makadirio. Halafu itazame fulana yako nyeusi ikishakauka. Ikiwa imechorwa mistari myeupe kifuani na mgongoni, wewe ni mmoja wa watu ambao jasho lao limejaa chumvi. Lita moja ya jasho hubeba kati ya nusu gramu na gramu 2 za sodiamu, na tofauti hiyo kati ya mtu na mtu huenda ikachangia kueleza kwa nini marafiki wawili wanaweza kukimbia pamoja, wakanywa sawa, mmoja akabanwa na mwingine asibanwe.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edith Cowan nchini Australia waliwakimbiza vijana 10 kwenye mteremko, katika chumba chenye nyuzi 35 na zaidi, mpaka wakapoteza karibu asilimia 2 ya uzito wao. Siku moja walipewa maji matupu, siku nyingine maji yenye chumvi na sukari ya kuongezea maji mwilini. Kisha shavu la mguu likachokozwa kwa umeme. Baada ya maji matupu, msuli ulikaza kwa umeme mdogo zaidi kuliko mwanzo. Baada ya maji yenye chumvi ulihitaji umeme mkubwa zaidi. Maji matupu yalikuwa yameipunguza chumvi iliyobaki katika damu.

Dawa hiyo ya chumvi na sukari tunaijua tangu utotoni. Ni ORS, ile pakiti ya zahanati inayopewa mtoto anayeharisha, na kila kona ya Kitui na Makueni inapatikana. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, pakiti ya lita moja ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida na gramu 13.5 za glukosi, pamoja na potasiamu na sitreti. Ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa juu, vitakufikisha. Usizidishe chumvi kwa tamaa ya kupona haraka, na mwenye shinikizo la damu amwulize daktari wake kwanza. Kwa mbio za chini ya saa moja huhitaji kitu hiki kabisa.

Lipo kosa la upande wa pili, na limeua watu. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002 wakimbiaji 488 walitoa damu ikapimwa baada ya mbio, na asilimia 13 walikutwa na sodiamu iliyoshuka chini ya kiwango. Wengi wao walikuwa wamekunywa hata wakamaliza wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Anayekimbia polepole, saa nne na zaidi, akipita kila meza ya maji akinywa kwa sababu aliambiwa anywe, ndiye aliye hatarini. Kiu ni mwongozo mzuri. Lengo ni kumaliza ukiwa mwepesi kidogo, si mzito.

Msuli ukishakaza, simama. Kwa shavu la mguu, nyoosha goti na uvute vidole kuelekea kwako. Ukiwa peke yako barabarani, egemea mti au ukuta, mguu mgonjwa nyuma, kisigino kimekanyaga chini. Kwa nyuma ya paja, lala chali, mwenzako aunyanyue mguu ukiwa umenyooka. Kwa mbele ya paja, kunja goti mpaka kisigino kikaribie tako. Shikilia hapo bila kurusharusha mpaka fundo liyeyuke, kisha uachie polepole uone kama linarudi. Kumpiga mtu mguuni au kuukanyaga msuli, kama nilivyoona ikifanywa viwanjani, ni kumwongezea jeraha. Ukirudi njiani, rudi kwa kasi ya chini. Neva ile bado ina hasira kwa muda.

Kuna jambo moja la ajabu linalostahili kujulikana. Mwaka 2010 Kevin Miller na wenzake nchini Marekani walichokoza msuli mdogo wa unyayo kwa umeme hadi ukakaza, kisha wakawapa watu maji ya achari ya matango, mililita moja kwa kila kilo ya uzito. Msuli ulilegea sekunde 49 mapema kuliko kwa waliopewa maji. Muda huo ni mfupi mno kwa chumvi kufika kwenye damu. Huenda kilichofanya kazi ni ukali wa siki mdomoni na kooni, unaopeleka habari kwenye ubongo na kuzituliza zile neva. Roderick MacKinnon, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2003, alibanwa na misuli akipiga kasia baharini pamoja na rafiki yake Bruce Bean, nao wakafuata njia hiyo hiyo kwa tangawizi, mdalasini na pilipili. Chupa ndogo ya maji ya achari mfukoni mwa msimamizi wa timu haigharimu kitu, na mimi ningeiweka.

Ndizi ni chakula kizuri, ila kama dawa ya papo hapo haifai: potasiamu yake huchukua saa nzima na zaidi kuonekana kwenye damu, nayo ni kidogo. Vidonge vya magnesiamu havijaonyesha faida ya maana kwa wanamichezo. Kwinini ndiyo inayonitia wasiwasi. Zamani ilitumika kwa misuli inayokaza usiku, na huku kwetu kila mtu anaikumbuka kwa sababu ya malaria. Mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya isitumike kwa misuli, kwa kuwa inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na chembe za kugandisha damu. Na wale wanaomeza brufeni au diklofenaki kabla ya mbio ili wasisikie maumivu wajue kwamba figo iliyokosa maji, kwenye joto, huumizwa na dawa hizo.

Kubanwa kwa kawaida huisha kwa dakika chache na hubaki mahali pamoja. Ukiona misuli inakaza mwili mzima, mtu anaongea maneno yasiyoeleweka, anatapika au amewaka joto kali, mvueni nguo za juu, mmwagieni maji baridi mwili mzima, mpepeeni, na gari litafutwe wakati huo huo. Mtu mwenye chembe za selimundu za kurithi kutoka kwa mzazi mmoja anaweza kuanguka mapema katika mbio na miguu dhaifu yenye maumivu, ilhali ukiigusa misuli ni laini, haina fundo. Huyo hanyooshwi, anapumzishwa na kupelekwa hospitali. Na kama siku ya mbio au kesho yake mkojo umekuwa mweusi kama soda ya kola, misuli iliyovunjika inamwaga uchafu wake kwenye figo. Usisubiri kupambazuke. Nenda Kitui mjini au Wote, zilipo hospitali za rufaa za kaunti, na umweleze daktari ulikimbia umbali gani, kwenye jua la saa ngapi, na ulimeza nini.